Kukagua Paa la Bati Baada ya Masika: Anza Darini, Usianze Juu

Juni ikiingia hapa Dar es Salaam, kusi inavuma, anga linakauka, na zile ndoo zilizokuwa sebuleni mwezi wa Aprili zinarudi bafuni. Mvua ikikata, paa linasahaulika. Naomba mwaka huu usilisahau, kwa sababu wiki mbili tatu baada ya masika ndio wakati mzuri kuliko wote wa kulikagua. Madoa ya maji bado yanasomeka, mbao zina nafasi ya kukauka kabla hujaziba juu, mafundi hawajazongwa na kazi, na vuli haiji mpaka Oktoba. Walio kwenye mikoa ya msimu mmoja wa mvua, kama Dodoma, Iringa na Mbeya, waanze Mei, mvua zikishakatika.

Nazungumzia paa la bati, maana ndilo wengi wetu tunalala chini yake. Makuti na vigae vya udongo vina mambo yake.

Nianze na kisa, kwa kuwa ndicho kilichonifundisha utaratibu wote utakaousoma hapa. Nyumba ya mama yangu Tanga ilikuwa inavuja juu ya kabati la vyombo. Fundi wa kwanza alipanda juu, akatazama usawa wa kabati, akapaka lami kwenye bati. Mvua iliyofuata doa likakua. Akaja wa pili, akapaka silikoni palepale juu ya lami. Doa halikukoma. Mwaka wa tatu akaja baba mdogo, ambaye amepiga kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, maisha yake yote. Hakugusa ngazi ya nje. Aliomba tochi, akazima umeme kwenye swichi kubwa, akaingia darini saa 4 asubuhi jua likiwa limechomoza vizuri, akakaa kimya gizani kama dakika tano. Kisha akaita: "Mwanangu, njoo uone nyota." Kulikuwa na kitone kimoja cha mwanga karibu na kofia ya paa, lile bati linalofunika kilele, mbali karibu mita tatu kutoka lilipo doa. Msumari ulikuwa umeng'oka. Maji yaliingia pale, yakashuka kwa kufuata papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, yakahamia kwenye kenchi, ndipo yakadondoka juu ya kabati. Mama alikuwa amelipa mafundi wawili kwa kuziba mahali pasipo na tundu.

Doa linakuonyesha maji yalikodondokea, si yalikoingia. Ukilishika hilo, kazi iliyobaki ni subira na macho.

Hatua ya 1: Soma dari ukiwa chumbani

Zunguka vyumba vyote, pamoja na stoo na korido ambako huwa hatuangalii. Kila doa lipige picha, kisha lipime kwa utepe wa kupimia kutoka kuta mbili: kwa mfano mita 1.2 kutoka ukuta wa dirisha, mita 2 kutoka ukuta wa mlango. Andika. Ukiwa darini gizani hutajua uko juu ya chumba gani bila vipimo hivyo.

Doa lenye duara moja la kahawia linasema maji yalikuja mara moja au mbili. Lenye maduara ndani ya maduara, kama pete za mti uliokatwa, linasema paa limekuwa likivuja kila mvua kubwa na likikauka katikati. Doa la katikati ya chumba mara nyingi linatokana na msumari au maungio ya bati. Linalofuata ukuta kwa urefu linatokana na gata (mfereji wa kukinga maji ya paa) iliyofurika au pale bati linapokutana na ukuta. La kwenye kona ya nyumba yenye mapaa mawili yanayokutana, chunguza lile bonde la bati kati ya mapaa hayo.

Jipsamu iliyofanya tumbo usiiguse wala usilale chini yake. Ikishakunywa maji inakuwa nzito na inaweza kuanguka kipande kizima.

Kuna jambo moja hapa linalowapotezea watu fedha nyingi, hasa Lushoto, Arusha, Njombe na kwingine kwenye baridi. Kama dari linadondosha maji alfajiri siku ambazo hakukunyesha, paa halivuji. Bati linatoa jasho: mvuke wa ndani unapanda, unakuta bati limepoa usiku, unageuka matone. Hakuna tundu la kuziba. Tiba ni kuruhusu hewa ipite darini, kwa matundu yenye wavu chini ya ukingo wa paa pande mbili zinazoelekeana. Jiulize kwanza maji yalidondoka lini, kabla hujamwita fundi yeyote.

Hatua ya 2: Ingia darini

Hii ndiyo hatua ya kupewa muda mrefu kuliko zote. Zima umeme kwenye swichi kubwa kabla hujaingia, maana panya hutafuna nyaya na maji ya masika huzifikia. Elewa pia kwamba waya unaotoka kwenye nguzo hadi kwenye mita unabaki na umeme hata ukizima, kwa hiyo kaa mbali nao ndani na nje. Vaa barakoa na mikono mirefu. Kama kuna popo, usifagie kinyesi chao kikavu, maana vumbi lake linaweza kuwa na vimelea vinavyodhuru mapafu. Kilowanishe kwanza kwa maji. Kanyaga mbao za kenchi tu. Dari halibebi mtu.

Ukishatulia, zima tochi. Subiri macho yazoee giza, halafu tazama juu polepole, chumba kwa chumba. Kila tundu linaloingiza maji kwa wima litaingiza na mwanga. Weka alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu na kila kitone.

Kisha washa tochi, ilaze pembeni ili mwanga utambae juu ya mbao badala ya kuzipiga usoni. Njia za maji zitajitokeza: mistari myeusi, au mieupe yenye chumvi, inayoshuka kando ya mbao. Ifuate kwa kupanda, siyo kushuka. Maji yakishaingia yanatelemka tu, kwa hiyo tundu liko juu ya doa kwenye mwinamo wa paa, karibu siku zote. Angalia na ncha za misumari zilizotokeza chini ya papi. Yenye kutu mbichi ya rangi ya chungwa, na ubao uliozunguka ukiwa mweusi, inapitisha maji hata kama mwanga hauonekani, kwa kuwa msumari umeziba tundu lakini haukulibana.

Ukiwa humo kagua mbao zenyewe. Chukua bisibisi, choma kenchi na papi mahali palipolowa, na hasa zile mbao zilizolala juu ya ukuta. Ubao mzima unaikataa bisibisi. Uliooza unaipokea kama mhogo uliochemka. Gonga kwa mpini: sauti ya tupu ni mchwa, na njia zao za udongo utaziona zikipanda ukutani. Vumbi laini kama unga wa sembe chini ya vitundu vidogo ni bungua, mdudu anayetoboa mbao. Mchwa wakiwepo, dawa ya mbao inatangulia bati, vinginevyo utapiga msumari mpya kwenye ubao usioushika.

Mwisho wa darini, tazama kenchi zimefungwaje kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya ukuta. Panatakiwa pawe na vyuma bapa au nondo zilizotokea kwenye zege na kukunjwa juu ya mbao. Nimeona nyumba nzuri za fedha nyingi ambazo kenchi zimekaa juu ya ukuta kwa uzito wake na msumari mmoja mmoja. Upepo hauangushi paa kwa kulisukuma chini, unalinyanyua. Kimbunga Hidaya kilipofika pwani yetu mwanzoni mwa Mei 2024, wengi tulikaa usiku tukisikiliza bati likiguna, na siku zile ndizo zilizonifanya niingie darini kwangu kuhesabu vifungo. Kilichokatika au kilicholiwa na kutu, fungia kingine kabla ya kufikiria rangi ya paa.

Hatua ya 3: Simama mbali, utazame

Hii ni fupi. Rudi nyuma hadi uone paa lote, hata kama ni kwa kuomba ruhusa kwa jirani. Tazama mstari wa kofia: ukiwa umebonyea katikati kuna kenchi imechoka. Tumia kamera ya simu kuvuta karibu. Kagua fisha bodi, ule ubao wa ukingo wa paa, kama imepinda au rangi imevimba, michirizi ya kutu ukutani, na matawi ya mwembe au mwarobaini yanayolala juu ya bati. Tawi linalosuguana na bati kwa upepo linakwangua zinki inayolikinga bati na kutu, na majani yake yanashika unyevu usiokauka. Likate.

Hatua ya 4: Panda, kama lazima upande

Kama una zaidi ya ghorofa moja, au paa lako lina mwinamo mkali, mwachie fundi mwenye kamba. Nasema hivi kwa moyo wote, nimemzika mtu niliyemjua aliyeteleza kwenye umande wa asubuhi. Saa nzuri ni kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi, umande umekauka na bati halijaanza kuunguza. Vaa viatu vya raba. Ngazi ikipanda mita 4, miguu yake ikae mita 1 kutoka ukutani, kichwa chake kipite ukingo wa paa kama mita moja, na mtu aishike. Kwenye bati kanyaga juu ya mistari ya misumari, maana chini yake ndiko kuna papi.

Na kama paa ni lile la zamani la asbesto, lile gumu la kijivu linalofanana na simenti, linalopatikana kwenye nyumba nyingi za zamani za serikali na mashirika, usipande kabisa. Halibebi mtu, na kulitoboa, kulikata au kulisugua kunatoa nyuzi ambazo zikiingia mapafuni hazitoki, na zinaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye.

Ukiwa juu, anza na misumari. Ninaipa uzito kwa sababu ndiyo chanzo cha mavujo mengi niliyowahi kuyaona, kuliko bati lenyewe. Bati linatanuka kwa joto: la urefu wa mita 3, joto lake likipanda nyuzi 40, linarefuka karibu milimita moja na nusu. Usiku linarudi. Kila siku ya mwaka linasukuma na kuvuta msumari, na raba iliyo chini ya kichwa cha msumari inakauka kwa jua mpaka inapasuka. Msumari unanyanyuka kidogo kidogo, na siku ya mvua ya upepo maji yanaingia.

Fundi wa haraka ataugonga urudi. Usikubali. Tundu limeshapanuka na ubao umeshalegea, utashika mwezi mmoja miwili tu. Ng'oa, weka skrubu ya bati iliyo nene kuliko msumari ule, yenye raba mpya, uikaze mpaka raba ibonyee kidogo tu. Ukikaza kupita kiasi, raba inachanika na bati linaingia ndani na kufanya kikombe cha kukusanya maji. Kwenye bati la mawimbi, msumari uwe juu ya mgongo. Uliopigwa bondeni, ambako maji yanapita, utavuja hata ukiwa mpya.

Maungio nayo. Bati la juu lilalie la chini kwa sentimita 15 angalau, na zaidi kama paa limelala sana. Lililolalia sentimita 5 kwa sababu mwenye nyumba alibana matumizi litarudisha maji ndani kila upepo ukivuma kinyume, na hakuna silikoni itakayoliponya.

Kutu isome kwa rangi. Unga mweupe ni zinki inaliwa, chuma bado kipo: sugua kwa brashi, osha, kausha, paka rangi ya bati. Kutu nyekundu ni chuma chenyewe. Bonyeza kwa kidole gumba. Likiwa gumu, linaweza kusuguliwa na kupakwa. Likilia kama karatasi au likipukutika, bati hilo limekwisha, libadilishe. Kwa wanaoishi karibu na bahari, Tanga, Bagamoyo, Kigamboni, Unguja, angalia kwanza sehemu ambazo mvua haizifikii, yaani upande wa chini wa bati kwenye ukingo. Chumvi inayobebwa na upepo inakaa pale bila kuoshwa, na ndiko kutu inakoanzia. Kuosha ukingo huo kwa maji yasiyo ya chumvi mara mbili kwa mwaka ni kazi ya nusu saa inayoongeza miaka.

Tazama pia makosa ya mafundi. Bati likikatwa kwa mashine ya msasa, cheche zinaunguza zinki na unga wa chuma unabaki juu, unaota kutu na kula bati lililo zima. Ufagie. Simenti iliyopakwa kuziba mahali bati linapokutana na ukuta inapasuka kwa sababu bati linacheza na ukuta hauchezi, na ikiwa mbichi inakula zinki. Pale panatakiwa kipande cha bati kilichokunjwa, juu yake kimeingia ndani ya mfereji uliochongwa ukutani. Dishi la zamani lililong'olewa huacha matundu manne, na mitambo ya sola huwa na mengi zaidi. Hesabu yote.

Hatua ya 5: Gata na paa la kuficha

Toa majani yote, mwaga ndoo ya maji upande wa juu, uone yanasimama wapi. Yakisimama, hapo gata imelegea na mbu wa dengi atazalia. Dar es Salaam tuliuguzana dengi 2014 na tena 2019, na mbu yule hahitaji dimbwi, maji ya kujaza kikombe yanamtosha.

Wenye nyumba za paa la kuficha, zile zenye ukuta kuzunguka bati, mna kazi kubwa kuliko sisi wengine. Fanya hesabu: milimita 1 ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita 1. Paa la mita 10 kwa 12, mvua ya milimita 50, ni lita 6,000, sawa na matangi sita ya lita elfu. Maji yote hayo yanakusanyika ndani ya ukuta wako na kutafuta matundu ya kutokea. Likiziba moja kwa mfuko wa plastiki au kiota, maji yanapanda juu ya mwisho wa bati na kuingia chumbani kama mto. Matundu hayo kagua kila mwezi wakati wa mvua, weka wavu, na kama huna tundu la dharura juu kidogo ya la kawaida, toboa. Kwa nyumba za aina hii ndilo jambo la kwanza, kabla ya msumari wowote.

Hatua ya 6: Thibitisha kwa maji

Kabla ya kulipa mtu, hakikisha. Mmoja aingie darini na tochi, mwingine awe juu na mpira wa maji. Anza upande wa chini wa paa, lowanisha sehemu moja kwa dakika tano hadi kumi, kisha panda kidogo. Ukianzia juu, maji yatapita kila mahali na hutajua yameingia wapi. Aliye ndani akiona tone aite, na aliye juu asimame papo hapo. Kama bomba halitoi, ndoo na jagi vinatosha, ila mwage taratibu kama mvua.

Hatua ya 7: Zungumza na fundi

Sasa unamwita ukiwa na orodha: misumari kadhaa upande huu, bati mbili za kubadilisha, kifungo kimoja cha kenchi. Mwambie, "Fundi, naomba unipigie picha kabla na baada." Fundi mwema hatakasirika. Akikuambia paa lote libadilishwe, mwombe akuonyeshe bati lililopukutika, mkono kwa mkono. Akikuambia atapaka silikoni paa zima, mshukuru na umwite mwingine.

Ukienda kununua bati, nenda na kipande cha la zamani, maana migongo ya viwanda tofauti haifanani na lisilolingana halilalii vizuri. Kumbuka namba ya geji, yaani ya unene wa bati, inakwenda kinyume: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32.

Dari usipake rangi bado. Chukua penseli, zungushia kila doa kwa mstari mwembamba, andika tarehe pembeni. Mvua kubwa ya kwanza ya Oktoba ikipita, rudi na tochi uangalie kama unyevu umevuka mstari. Usipovuka mpaka Desemba, nunua rangi.